Setilaiti ijayo ipite juu ya ikweta

Mhariri,

Msomaji mmoja wa Nakuru aliandika katika safu hii kwamba mionzi ya angani ni tatizo la ubahili tu: chombo kizungushiwe metali nene ya risasi, kama ile ya aproni za chumba cha eksirei, na wanaanga watafika sayari ya Mirihi salama. Nafundisha fizikia hapa Maseno na hoja hiyo naisikia kila mwaka kutoka kwa kidato cha nne. Ina kasoro.

Risasi huzuia eksirei. Huko juu kuna protoni za Jua, na pia viini vya atomi kutoka nje kabisa ya mfumo wa Jua, vinavyokwenda karibu na kasi ya mwanga. Kiini kama hicho kikigonga metali nzito huvunja viini vingine, na vipande, nyutroni zikiwemo, humwagikia aliyeko ndani. Kinga bora ni kitu chenye hidrojeni nyingi: maji, au polithini (ndiyo, jamaa ya mifuko tuliyopiga marufuku 2017). Mwaka 2022 Artemis I, chombo cha NASA kisicho na watu, ilipozunguka Mwezi, ilibeba sanamu mbili za kupimia mionzi. Zohar alivalishwa kizibao cha kinga, Helga hakuvalishwa.

Hata hivyo, kifaa kilichosafiri na Curiosity, gari la utafiti la NASA lililopelekwa Mirihi, kilipima takriban milisiveti 1.8 (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa siku njiani. Kwenda Mirihi na kurudi ni kama 660, na kikomo cha NASA kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga ni 600.

Mirihi tuwaachie wenye pesa zao. Sisi tuna setilaiti, nazo huumia vilevile: chembe moja ikipiga kumbukumbu ya kompyuta, sifuri hugeuka moja na amri ikapotoka. Sumaku ya Dunia hupindisha chembe hizo, na ngao hiyo ni imara zaidi huku ikweta kuliko kwenye ncha za kaskazini na kusini. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa kutoka pwani ya Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ilizunguka karibu sambamba na ikweta. Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya Aprili 2023, iliwekwa kwenye njia ya kupita karibu na ncha, kwa hiyo kila mzunguko uliipeleka pale ngao ilipo dhaifu.

Najua roketi za kuchangia nauli, zinazobeba setilaiti nyingi kwa pamoja, huelekea zaidi njia hiyo ya ncha, na bei yake ni nafuu. Najua pia kwamba setilaiti ya namna hiyo huona karibu Dunia nzima. Lakini mahindi ya Trans Nzoia na magugumaji ya Ziwa Victoria hayako Greenland. Kenya yote iko ndani ya nyuzi 5 hivi kaskazini na kusini mwa ikweta. Setilaiti ya chini inayofuata mstari huo ingetupitia kila baada ya saa moja na nusu au zaidi kidogo.

Shirika la Anga la Kenya lituwekee hadharani hesabu za njia zote mbili, nauli na uharibifu wa mionzi pamoja, kabla ya kukata tiketi nyingine.

Mwalimu wa fizikia,
Maseno, Kisumu