Wazazi vijijini wasikilizwe

Mhariri,

Takwimu rasmi za Tanzania zinaonyesha kuwa vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022, na mafanikio hayo yanastahili pongezi. Hata hivyo, akina mama wa vijijini hawaupimi ubora wa zahanati kwa vifo pekee. Ukiwauliza, watakueleza kwanza jinsi walivyojibiwa walipolia kwa uchungu, pazia lililokosekana kati ya kitanda na kitanda, na glovu, pamba, wembe na mpira wa kutandika walivyotakiwa kuja navyo, ilhali sera inasema huduma za uzazi ni bure. Simlaumu mkunga aliyekesha peke yake zamu nzima. Naye anahitaji kuongezewa wenzake. Lakini kumruhusu mzazi anapojifungua awe na mtu anayemtaka mwenyewe, awe mama yake, dada au mume, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018, hakuhitaji bajeti kubwa. Naiomba Wizara ya Afya iagize hivyo, na kamati za zahanati ziwahoji wazazi wakiwa wamesharudi nyumbani, ambako wanaweza kusema bila woga.

Msomaji wenu,
Singida