Kabla ya kupima ukuta, tuandikie majina ya samaki

Wateja wengi hutupigia simu wakiwa wameshapima ukuta wa sebule. "Nina mita mbili hapa, kutoka mlangoni hadi dirishani. Nitengenezeeni tangi la maji ya bahari." Sisi huuliza: utafuga samaki gani? Kwenye simu mtu huguna, akiona hilo ni jambo la baadaye. Lakini hakuna ajengaye banda kabla hajajua kama ndani yake atalala kuku au ng'ombe, na tangi la maji ya chumvi halina tofauti na banda.

Bwana mmoja wa Nyali, hapa Mombasa, alitujia na orodha aliyoikusanya kwenye video za usiku. Juu kabisa aliandika kitatange mfalme, yule Pomacanthus imperator mwenye mistari ya buluu na manjano. Akafuatisha Pterois mwenye miiba ya sumu, kundi la samaki wadogo wa rangi ya machungwa, kamba wawili wa kusafisha na matumbawe laini "ya kutosha". Bila kujua, alikuwa ameandika wageni na chakula chao kwenye karatasi moja. Pterois humeza kila kinachoingia kinywani mwake, na wale wadogo pamoja na kamba wanaingia bila shida. Kitatange naye hudonoa matumbawe. Tena anapouzwa huwa mdogo wa vidole vitatu, mweusi-buluu mwenye miviringo myeupe, mtu akadhani atabaki hivyo. Anabadilisha vazi lote na kufika sentimita 40.

Kwa hiyo kuna njia mbili, na ni vizuri kuchagua moja mapema. Ama tangi la samaki wakubwa peke yao, lenye mawe na nafasi ya kuogelea, ama tangi la matumbawe na samaki wadogo wapole. Taa hazifanani, vichujio havifanani, na bei pia. Bwana wa Nyali alichagua la pili. Tukakaa upya na karatasi: jozi ya Amphiprion allardi, ambao kwao ni huku huku Afrika Mashariki, Pseudanthias squamipinnis saba, dume mmoja na majike sita (dume akifa, jike mkubwa hugeuka dume, kwa hiyo usinunue madume wawili), Centropyge acanthops mmoja, kitatange mdogo asiyezidi sentimita nane hivi, na kangaja mmoja. Huyo acanthops tulimwonya kwamba naye siku nyingine huonja matumbawe. Akasema atavumilia.

Orodha hiyo ndiyo iliyotupa vipimo. Kangaja ni mkimbiaji, anataka urefu kuliko kina. Tulifika sentimita 200 kwa 70, kimo 65, ambayo ni lita 910 ukijaza hadi ukingoni. Ukitoa mawe, mchanga na pengo la juu, kisha ukaongeza sampu, yaani tangi dogo la chini la kuchujia maji, unarudi karibu lita 900.

Sasa pigeni hesabu ya uzito, kwa maana hapa ndipo tunapokataa kazi. Maji peke yake ni zaidi ya kilo 900. Kioo cha milimita 19 kinaongeza zaidi ya kilo 230. Tia mawe, mchanga na meza yake, unakaribia tani moja na nusu juu ya eneo la mita moja na nusu ya mraba. Ni kama kupaki Probox na abiria wake kwenye kona ya sebule. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Nyumba ya chini, iliyokaa juu ya ardhi, hatuna neno. Ghorofani, mhandisi wa majengo aje kwanza, na atakachosema tutakifuata hata kikitunyima kazi.

Swali la pili kwa wingi ni maji. "Bahari iko hapo nyuma, ya nini kununua chumvi?" Ni swali la haki, na jibu letu si hapana. Maji ya bahari yanafaa yakitekwa nje ya mwamba, kwa mashua, wakati wa bamvua maji yakiwa yanajaa, na si baada ya mvua za masika zinapoyapunguzia chumvi na kuleta tope. Maji ya mikono ya bahari, Tudor na Kilindini, hatuyagusi, kwani yanapokea ya mji na ya meli. Kisha kuna mgongo wa mtu: lita 900 ni madumu 45 ya lita 20, na kila ukibadilisha sehemu ya kumi ni madumu manne na nusu mengine. Wengi huanza na bahari wakaishia kwenye chumvi ya akwaria, kilo 32 hadi 35 kwa mjazo wa kwanza, iliyokorogwa katika maji yaliyochujwa hadi yakawa matupu.

Chumvi ya mashamba ya Marereni na Gongoni haifai, ingawa ilitoka baharini. Bahari inapokauka kwenye vidimbwi, chokaa hutangulia kushuka chini, kisha jasi, halafu ndiyo chumvi ya mezani. Magnesi inabaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Unachopata ni sehemu moja tu ya bahari, na matumbawe yanazitaka zote.

Jambo jingine linalowakosesha watu: maji yanapopungua tangini, yaliyoondoka ni maji matamu, chumvi imebaki. Ukijazia maji ya bahari kila siku, chumvi inapanda polepole hadi samaki wanahema. Jazia maji matamu yaliyochujwa, na upime. Tunalenga gramu 35 kwa lita.

Mawe hatuokoti ufuoni wala mwambani. Ndani ya hifadhi za bahari ni marufuku, na matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, kwa hiyo anayekuuzia bila karatasi anakuuzia kesi. Sisi tunatumia mawe makavu ya machimbo, matumbawe ya kale, ndugu wa yale yaliyojenga Fort Jesus. Tunayaosha, tunayaloweka wiki kadhaa, tunapima fosfati. Tofali la ukuta uliobomolewa lenye saruji, hata likipendeza, libaki hukohuko.

Joto la Februari na Machi ndilo adui wa hapa kwetu. Mwaka 1998 bahari yenyewe ilipopata joto, matumbawe mengi ya pwani hii yalipauka na kufa. Sembuse lita 900 zilizofungiwa sebuleni na pampu na taa. Feni ya kupuliza juu ya maji husaidia mahali penye hewa kavu, lakini Mombasa hewa ina unyevu mwingi, hupokea kidogo tu. Tangi la matumbawe linahitaji chila, mashine ya kupoza maji. Pigia hesabu bili yake ya umeme kabla ya kusaini.

Stima ikipotea, mambo mawili hutokea. Maji ya juu hushuka kwenye sampu hadi yafike chini ya mdomo wa bomba linaloyashusha, na sampu isiyoachiwa nafasi humwagika kwenye zulia. Kwa hiyo kabla ya kukukabidhi tunazima umeme mbele yako, mara tatu. La pili ni hewa, maana maji yakisimama samaki huikosa: weka inveta ya pampu za mkondo pekee, taa na chila zisubiri.

Baada ya hayo, hakuna samaki. Tangi linajazwa, pampu zinazunguka, na tunatupia kamba mmoja wa sokoni aoze. Kuoza huko hutoa amonia, sumu kwa samaki. Bakteria wa kwanza huigeuza nitriti, wa pili huigeuza nitrati. Wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Mawe yatavaa ukungu wa kahawia, utatupigia simu, tutakwambia uache. Mama yake yule bwana alikuja kutoka Lamu wiki ya tano, akatazama, akauliza: "Mwanangu, sasa mwafuga mawe?"

Amonia na nitriti zikisoma sifuri, wapole hutangulia. Amphiprion, kisha baada ya wiki mbili tatu Pseudanthias, kisha acanthops. Kangaja huingia mwisho, maana akitangulia huona tangi lote ni lake na kila ajaye ni mwizi.

Na kila mmoja hupita karantini kwetu kwa wiki nne zisizopungua. Hilo tulijifunza vibaya. Miaka yetu ya mwanzo tulimtia kangaja moja kwa moja, mnene, anakula vizuri. Siku ya tisa alikuwa na vidoa kama punje za chumvi: kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans. Dawa yake ni shaba, na shaba huua kamba, konokono na matumbawe, kwa hiyo haiwezi kutiwa tangi kuu. Tuliwatoa samaki wote, tangi likakaa bila samaki siku 76, na mteja akakaa bila kuongea nasi karibu muda huohuo. Gharama tulibeba sisi.

Ukija dukani, njoo na majina matano ya samaki unaowapenda, hata kama ni picha tu kwenye simu, utuambie nyumba ni ya chini au ya ghorofa, na nani atalisha mkiwa safarini. Ukuta tutakuja kuupima wenyewe.