Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka jana niliwaahidi kwamba darubini yetu ingekuwa tayari baada ya miezi 6. Imechukua miezi 11, na lawama ni zangu. Niliwahimiza mafundi wetu waache kupima, kioo kikapakwe alumini. Kilipofungwa, kila nyota ilionekana kama imevaa ukungu. Ikabidi tukirudishe mezani, tuiondoe alumini, tukipime upya kwa njia ya Foucault, mwanafizikia wa Ufaransa: wembe, taa ndogo na jicho lenye subira. Kivuli cha wembe juu ya kioo kikatuumbua. Ukingo wa kioo ulikuwa umelala kupita kiasi.

Hata Hubble, darubini inayozunguka dunia angani, ilipitia hayo. Ilirushwa mwaka 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4 ambacho ukingo wake ulikuwa bapa kuliko ilivyotakiwa kwa takriban mikromita 2.2. Kosa lilitoka kwenye kifaa cha kupimia, ambacho lenzi yake moja ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Vipimo vingine viliionyesha kasoro hiyo mapema, vikapuuzwa. Wanaanga walikwenda kuirekebisha Desemba 1993. Chetu, angalau, kilikuwa kinafikika kwa mkono.

Kioo kilipokaa sawa tuliielekeza darubini kwa nyota pacha ya Algol, yaani kichwa cha zimwi, kama Waarabu walivyoiita. Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 inafifia, kwa sababu nyota hafifu inapita mbele ya mwenzake angavu. Usiku wa kwanza hatukuona mabadiliko yoyote, na wapo waliodhani tumekosea hesabu ya saa. La hasha: kihisi cha kamera kilikuwa kimefurika mwanga, hivyo nyota ikasomeka vilevile iwe angavu au hafifu. Tulipofupisha muda wa kila picha, na kuondoa kelele za kihisi, yaani alama za uongo zinazotokana na kihisi chenyewe, kwa picha zilizopigwa darubini ikiwa imefunikwa, mteremko wa mwanga ukajichora wenyewe.

Baadhi yenu mmeniuliza tunahangaika ya nini, ilhali kituo cha kutazamia nyota cha Rubin kule Chile, chenye kioo cha mita 8.4 na kamera ya megapikseli 3,200, kilitoa picha zake za kwanza Juni 2025. Swali ni zuri. Jibu ni kwamba nyota angavu huifurisha kamera ile kuliko ilivyofurika yetu. Hizo zinahitaji vyombo vidogo na watu wasiochoka kuzirudia.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Salio lipo, si kubwa. Kamati inapendekeza linunue vichujio vya rangi kwa ajili ya kupima mwanga, si darubini kubwa zaidi. Najua wapo wasiokubaliana nasi, na mmoja wao ni katibu wangu. Kila mpinzani atapewa dakika 5 kabla ya kura.