Tusizioshe sarafu za kale kwa tindikali

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wenzangu wanaorithi sarafu za kale. Marehemu nyanya alituachia pesa ya shaba ya 1888, ile yenye mizani upande mmoja, iliyotolewa kwa jina la Mombasa wakati wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani yetu. Ilikuwa imeingia rangi ya kahawia iliyokolea, na kutu ya kijani kidogo ukingoni. Fundi mmoja wa hapa mjini aliitia katika tindikali ya kusafishia vyoo, na kwa dakika chache ikatoka na wekundu wa shaba mbichi, maandishi ya Kiarabu yamelika na uso umejaa vishimo kama ndui. Niliumia sana.

Ile rangi ya kahawia si uchafu, bali ni ngozi inayoikinga shaba, na tindikali, hata ya ndimu au siki, huivua pamoja na kutu. Wakusanyaji nao huishusha thamani sarafu iliyosuguliwa. Kinachotisha ni unga wa kijani hafifu, kwa kuwa huletwa na chumvi na unyevu, na hapa kwetu hewa yenyewe ina chumvi. Sarafu yenye unga huo ilowekwe katika maji yaliyokenekwa, yaani yatokanayo na mvuke uliopozwa, si ya kisima, yabadilishwe mara kwa mara kwa wiki kadhaa, kisha ikaushwe kabisa. Kutu iliyolegea iondolewe kwa kijiti cha mti, polepole.

Msomaji,
Mji wa Kale, Mombasa