Usilipe kwanza hayo makochi

Shoga yangu Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka Dar. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na mama anaendelea vizuri na zile dawa. Sisi huku wazima, ila joto limeshaanza. Habari za Bahati na yule mchumba wake haziandikiki, nitakusimulia tukionana.

Nakuandikia mbio kwa sababu ya picha ulizonitumia jana usiku. Umesema wauzaji wanataka nusu ya hela kabla ya Ijumaa ndiyo wakutolee mzigo wa nyumba zako zote nne za kupangisha kwa mkupuo: makochi meupe ya velveti, vitanda vya sita kwa sita vyenye kichwa cha kitambaa na vifungo, makabati meupe, meza za miguu ya dhahabu. Nakuomba sana, usilipe. Nyumba umezijenga kwa jasho tofali kwa tofali, hazishindwi kusubiri wiki chache zaidi.

Ni mazuri, sikatai. Lakini hayaendi sebuleni kwako Mwanza. Yanaenda Kigamboni, karibu na bahari, kwa watu usiowajua, na wewe hutakuwepo kuwaambia watoto wao washuke kwenye kochi.

Chukua hayo makabati. Ni MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, iliyobandikwa karatasi, nimeikuza picha nikaona kingo zake. Ofisini kwenye kiyoyozi na zulia yangeishi. Sisi tunadeki, unajua mwenyewe, ndoo inamwagwa na tambara linapita chini ya kila kitu. Maji yakinywewa na ule ukingo wa chini ubao unavimba, karatasi inabanduka, na ukishavimba haurudi tena. Bawaba ikilegea huna pa kuikazia, tundu la skrubu limeshakuwa unga. Kwenye nyumba za shangazi za Mikocheni ninazozisimamia, makabati ya namna hiyo tumeyatoa yote. Lile la mninga la enzi za marehemu mjomba bado limesimama. Mpangaji akihama fundi anapiga msasa, anapaka vanishi, anayefuata anadhani limenunuliwa juzi.

Vitanda ndivyo vilivyoninyima usingizi. Vyumba vyako ni mita 3 kwa 3, sivyo? Sita kwa sita inakula mita 1.83. Ukiweka kabati la sentimita 60 upande wa pili, mtu amebakiwa na sentimita 57 za kupita na kufungulia milango ya kabati. Haifunguki! Weka tano kwa sita, utapata karibu sentimita 90 na chumba kitaonekana kikubwa hata kwa anayekuja kukagua. Halafu kile kichwa cha kitambaa chenye vifungo, shoga, humo ndimo kunguni wanamojificha. Mgeni mmoja akija nao kwenye begi, wanaingia kwenye ile mikunjo na hakuna dawa inayowafikia vizuri. Kitanda cha mbao unakifungua, unamwagia maji ya moto kwenye viungo, unapuliza dawa, yameisha. Mwambie fundi aweke mguu wa katikati na chaga nene, maana chaga za paini zinakatikia katikati na mpangaji wa kwanza kukupigia simu atakupigia kwa hilo. Na acha nafasi ya kuchomeka chandarua pande zote.

Pesa ambayo ungeiweka kwenye vifungo, iweke kwenye godoro. Inchi 8 la hai densiti, yaani sponji nzito iliyoshikana, si chini ya hapo. Mtu anaweza kuvumilia meza mbaya, lakini akilala vibaya anahama.

Najua Bahati amekujaza habari za AFCON ya 2027, kwamba wageni watakuja na nyumba lazima zing'ae. Waje, tutawapokea. Mashindano hayo ni ya wiki chache tu, tena tunagawana na Kenya na Uganda. Wewe unahitaji mpangaji wa mwaka mzima, mtu wa kampuni au daktari mwenye familia, na huyo haangalii dhahabu. Atakaa kwenye kochi aone kama linabonyea, atavuta droo, atafungua kabati. Na miguu ya dhahabu kwa hewa ile ya chumvi, utaona kutu inatokea kwenye maungio kabla hata mkataba wa kwanza haujaisha.

Kwa hiyo njoo twende Keko, kwa mafundi wa samani. Uje mwenyewe, si kwa picha. Tutapita kwenye karakana za nyuma, si zile za barabarani tu. Nitakuonyesha: kiti kigeuze, uangalie chini ambako vanishi haikufika. Wapo wanaopaka paini rangi ya mninga na kuiuza kama mninga. Paini ni nyepesi, ukiikwaruza kwa ukucha inabaki alama, mafundo yake yanaonekana. Kochi nalo ligeuze, uombe wakufungulie kitambaa cha chini, utakuta wengine wameweka maboksi na vipande vya sponji. Mtiki pia ni mzuri, ule wa mashamba ya Longuza kule Muheza au Mtibwa, una mafuta yake, mchwa hawaukimbilii kama paini. Muhimu ni mbao iwe imekauka. Ikitengenezwa mbichi, baada ya miezi michache mlango wa kabati unapinda na ubao wa meza unapasuka, na fundi atakuambia ni hali ya hewa.

Si lazima kila kitu kiwe mninga. Vitanda, makabati, meza ya chakula na fremu za makochi, hapo usibane. Vimeza vya pembeni na rafu, paini iliyopigwa dawa inatosha kabisa. Nyumba zote nne zifanane: kitanda kimoja, mto wa kochi kipimo kimoja, foronya zenye zipu zitoke zikafuliwe. Rangi ya kahawia au kijivu kizito. Na tukinunua kitambaa Kariakoo tuchukue mita za ziada tuziweke, kwa sababu mwakani ukirudi rangi ile ile hutaipata, na kochi moja likichanika utalazimika kuvalisha yote upya. Ngozi bandia usiniambie kabisa. Kwa joto hili inabanduka magamba mahali pa kuegemeza kichwa na mikono.

Kuhusu usafiri wa kutoka Keko kwenda Kigamboni, kirikuu tutapata, daraja lipo pale. Hilo lisikuumize.

Sasa nijibu haya, maana nimekaa roho juu. Umeshawatumia chochote, hata cha kutangulizia? Kama umetuma, wamekupa risiti? Shemeji anasemaje, au ndiye aliyeyachagua? Vipimo vya vyumba ni vya kwenye ramani au fundi alipima baada ya lipu? Milango ya vyumba ina upana gani, kabati litapita likiwa zima au lifungwe humo ndani? Na utaweza kuja kabla ya masika? Nimeongea na yule mzee wa Keko aliyemtengenezea Mama Salma, anasema anaweza kuanza na kitanda kimoja cha tano kwa sita ukione, ukikipenda ndiyo aendelee na vilivyobaki. Nimwambie aanze?

Nijibu leo, hata kwa ujumbe wa neno moja.

Shoga yako,
Mama Rehema