Salamu za Krismasi kutoka Cheyo, kwa Waliorudi na Waliowapokea

Mwangaluka, ndugu zangu wote. Heri ya Krismasi kwenu mlioko hapa Tabora, na kwenu mliotawanyika Dar, Mwanza, Mpanda na kwingineko, mnaotupigia simu kila siku kuuliza kama embe zimeiva. Zimeiva hadi mbuzi wamezikinai. Mvua imetuhurumia, akina mama wameshapanga mafungu ya uyoga kando ya barabara, na mabasi ya kutokea Manyoni yanashusha watu na maboksi tangu wiki iliyopita. Isevya na Ng'ambo kumejaa watoto tusiowajua majina, na bibi zao wanatembea kwa madaha kama waliopandishwa cheo. Nanyi jirani zetu Waislamu, mnajua utaratibu: Idd sisi tulikuwa kwenu, sasa zamu yenu kuja.

Kwa kawaida salamu zangu huishia hapo, pamoja na dua na onyo kwa wale wanaokula pilau nyumba tatu mchana mmoja. Mwaka huu nivumilieni kidogo. Nataka kuwasalimu watu ambao hatuwasalimu vya kutosha: waliokwenda vitani wakarudi wamejeruhiwa, mwilini au kichwani, na wale waliowafungulia mlango. Mjini kwetu wapo wengi kuliko tunavyodhani. Hatuwaoni kwa sababu hawatoki sana.

Tabora imezoea askari. Mtemi Mirambo aliwakusanya rugaruga, askari wake, katika nchi hii hii. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji liliingia mjini, na nyuma yake msururu wa wapagazi. Katika vita ile, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wapagazi ndio waliokwisha. Kwa upande wa Waingereza peke yao kumbukumbu zinataja vifo vipatavyo 95,000, na wengi hawakuuawa kwa risasi, waliuawa na kuhara, homa na njaa. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawataja wapagazi hao kuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno mazuri. Ila mpagazi aliyerudi Unyamwezi vidole vimeliwa na funza hakuweza kuyapika maneno hayo akala. Alihitaji mtu wa kumlimia.

Askari waliompigania Mjerumani nao walingoja hadi 1964, miaka 46 baada ya vita, ndipo serikali ya Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee walipokusanyika Mwanza, wengi hawakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha utumishi wao. Mlipaji akampa kila mmoja ufagio, akamwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna aliyekosea. Watu huisimulia hadithi hii kama kichekesho, na mimi niliwahi kuicheka. Siku hizi naiwaza tofauti. Kama mikono ya mzee wa miaka sabini ilikuwa bado inaitii amri ya mwaka 1916, basi na mengine ya mwaka ule alikuwa bado nayo, na usiku hakuna aliyemwamrisha ayaweke chini.

Wakafuata askari wa keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza, katika Vita Kuu ya Pili. Desemba 1944 vijana wa Tanganyika walikuwa Burma, wametoka kulipita bonde la Kabaw na matope yake, wako kwenye mto Chindwin wakipigana na Wajapani, watu ambao hawakuwahi kuwakosea kitu. Babu zetu waliorudi kutoka huko walituachia makoti mazito na maneno mawili matatu ya Kihindi. Mengine walikwenda nayo kaburini.

Lakini mimi sikuanza kuwaza haya kwa sababu ya babu. Nimeyawaza kwa sababu ya mzee mmoja wa mtaani kwetu tunayemwita Afande, na zaidi kwa sababu ya mkewe.

Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Afande alikuwa kijana wa mgambo, mkulima wa tumbaku, ndoa yake bado changa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Afande anasema hotuba ile aliisikia amesimama, na aliporudi kukaa tayari alikuwa ameshaamua. Krismasi ya mwaka ule aliila ndani ya handaki, maharage na mvua, wakingoja amri ya kuvuka mpaka. Januari wakaichukua Mutukula, Februari Masaka. Machi, kwenye barabara ya kuelekea Lukaya, kombora likaanguka karibu na kundi lao. Alipozinduka mguu wa kushoto haukuwepo kuanzia chini ya goti, na sikio moja lilikuwa limekufa. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979 yeye aliisikia redioni akiwa kitandani, kama tulivyoisikia sisi tuliobaki nyumbani.

Aliporudi kwa treni mtaa mzima ulishuka stesheni. Ngoma, vigelegele, wazee kwa watoto. Walimbeba mabegani hadi nyumbani, na kuna aliyechinja jogoo. Sherehe ilichukua mchana mmoja. Jioni watu wakaaga, na kuanzia jioni ile hadi leo kazi ni ya mkewe.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyu mama alikilalia, tena ukingoni, kwa sababu mumewe alikuwa akiweweseka na kurusha mikono. Alijifunza kwamba ukitaka kumwamsha usimguse: simama mlangoni, mwite kwa sauti ya chini hadi ajue yuko wapi. Aliwafundisha watoto kwamba sufuria isiangushwe, na kwamba baba akinyamaza siku mbili hajamkasirikia mtu. Alikiosha kigutu kwa maji ya chumvi kila kilipochubuka. Alishika jembe, akashika na hesabu za tumbaku, na bado kwenye kikao cha ukoo alikaa nyuma kana kwamba mambo yote anaamua mwingine. Ndugu wakasema mume kachezewa. Wakazungushwa kwa waganga, akaenda kuku mweupe, akaenda mbuzi, ikaenda pia akiba ya mabati.

Madaktari wa Marekani waliliandika rasmi tatizo hilo kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, wakalipa jina na dalili zake: ndoto zinazojirudia, kushtuka, kukwepa kila kinachokumbusha, hasira zisizo na mwenyewe. Mwaka mmoja baada ya Afande kurudi. Habari hizo zilichukua miaka mingi mno kumfikia mkewe. Mwanawe anayesomea uuguzi alipomweleza kwamba haya ni maradhi, yanajulikana, na wengi wa vita vingine wanayo, mama alikaa kimya, kisha akasema: "Nami miaka yote nilidhani kuna nilichomkosea." Hilo ndilo lililonifanya niandike.

Na mguu wenyewe. Tunapenda kusema "alipata mguu wa bandia" kama mtu aliyepata kitambulisho, mambo yakaisha. Waliokaribu na jambo hili wanajua hayaishi. Kigutu husinyaa na kubadilika umbo, kwa hiyo kikombe cha mguu kilichomkaa vizuri mwaka huu, baada ya muda kitamchubua. Kwa mtu mzima mguu huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, na kati ya hapo kuna marekebisho. Mafundi tunao, chuo cha kuwafundisha kilianzishwa Moshi, pale KCMC, mwaka 1981, na kimefundisha watu wa nchi nyingi za Afrika. Lakini Moshi na Tabora si majirani. Nauli, malazi, mtu wa kumsindikiza, na shamba linabaki na nani? Basi na joto letu la Oktoba na mchanga wa Cheyo, jasho linajaa ndani ya soksi ya kigutu, malengelenge yanatoka, na mguu unaishia kuning'inia nyuma ya mlango huku mwenyewe akirudia magongo. Ukimwuliza mguu uko wapi anakujibu upo likizo.

Tena kuna kitu ambacho sikukiamini hadi nilipomsikia yeye mwenyewe. Kidole gumba cha mguu usiokuwepo humuwasha. Baridi ya Juni ikishika, huhisi vidole vimekunjwa na kubanwa, na maumivu ni ya kweli kabisa. Wataalamu wanaeleza kwamba ubongo haujaufuta mguu; sehemu iliyokuwa ikipokea habari zake bado ipo kazini, na neva zilizokatwa bado hupeleka vurugu. Waliokatwa viungo wengi mno hupitia hali hiyo. Mtoto wa jirani alimwona Afande akilikuna gongo, akacheka. Afande naye akacheka. Mkewe hakucheka.

Msidhani haya ni ya wazee tu. Tarehe 7 Desemba 2017, watu tukianza kununua nguo za sikukuu, kambi ya askari wetu wa kulinda amani ilishambuliwa Semuliki, mashariki ya Kongo. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja waliouawa 15 na majeruhi 43. Miaka minne kabla yake, Julai 2013, askari wetu saba waliuawa Darfur na wengine wakajeruhiwa. Tulilia, haki yao. Majeneza yenye bendera tuliyaona kwenye televisheni. Sasa mnisaidie: wale 43 na wale majeruhi wa Darfur tuliwaona wapi? Ni vijana. Wana wachumba, mikopo ya pikipiki, watoto wa chekechea. Wengine wana vipande vya chuma mwilini ambavyo daktari aliona heri viachwe. Kwenye makundi ya familia wanatuma salamu za Krismasi zenye maua kama sisi wote.

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tunaweka mkuki na ngao, sime, upinde na mshale na shada kwenye mnara. Ni heshima kubwa na sitaki ipungue hata kidogo. Kule Kaboya, Muleba, wamelala mamia wa vita vya Kagera, na wanastahili tarumbeta. Nasema tu kwamba marehemu ni rahisi kumheshimu. Hadai nauli ya Moshi, haweweseki. Shujaa aliye hai ana harufu ya dawa, ana madeni, na pengine ana ulimi mkali, na heshima yake inataka mtu wa kwenda na kurudi.

Kwa hiyo sikukuu hii nina maombi yangu, na nitayasema kwa ukali kidogo kwa sababu nina umri wa kusema. Mkienda kuwaona, msimwulize mtu aliua wangapi. Hata kwa utani. Nimewasikia vijana wakiuliza hivyo mbele ya sahani ya wali, na sahani ile haikuliwa tena. Akitaka kusimulia atasimulia, akianza msimkatize kwa ya kwenu, akinyamaza nanyi ongeeni habari za mvua. Mkimkuta mama mwenye nyumba, msimwachie tu kilo ya sukari na "pole na kuuguza". Mwambieni atoke aende misa ya usiku, aende saluni, aende kwa dada yake Nzega siku mbili, nanyi mbaki na mzee. Kanisani, wahudumu wa milango, pangeni viti vya pembeni vya wenye magongo, na mwacheni akae wengine wanaposimama bila kumkazia macho.

Na mkesha wa Mwaka Mpya. Polisi kila mwaka hukataza kuchoma matairi na kupiga fataki ovyo, na kila mwaka vijana wa mtaani kwetu hufanya kana kwamba tangazo lilikuwa la mkoa mwingine. Afande huanza kuufunga mlango saa mbili usiku, hukaa chini, mgongo ukutani, redio juu. Anajua kabisa kwamba ni fataki. Kujua hakumsaidii, mwili unasikia kitu kingine. Nimeshaongea na mjumbe wa nyumba kumi na vijana wa kijiwe: mwaka huu madebe na nyimbo, kelele zote zihamie uwanjani, na mtaa wetu uachwe. Wamekubali. Wakisahau nitawakumbusha kwa mama zao.

Wale ndugu zetu wa Ulyankulu, ambao wazazi wenu walikimbia Burundi mwaka 1972, najua ninyi habari za vita hamkuzisoma mahali. Nawasalimu kipekee. Na askari wetu walioko kambini na nje ya nchi usiku wa Krismasi, Mungu awarudishe, na awarudishe wazima; na ikiwa vinginevyo, basi atukute sisi tumejifunza kupokea.

Nyumbani kwangu pilau ni tarehe 26 mchana. Afande na mkewe wanakuja, wameshaahidi, na mama amenionya kwamba hatapika wala kuosha chombo. Wenye watoto wengi njooni na sahani zenu. Embe sitanunua, kila mtu aje na za kwake.

Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya.
Cheyo, Tabora