Barua ya wazi kwa mheshimiwa mwenye dhamana ya vyombo vya baharini: tuhesabuni kabla hatujang'oa nanga

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watu wako wa nyumbani. Natumai pia itakukuta, maana ile ya kwanza niliileta kwa mkono mpaka mapokezi, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nadhani mpaka leo bado inapokelewa. Ndipo nikaona safari hii niandike hadharani. Ukikosa nafasi ya kusoma, huenda akatokea mtu wa kukusomea.

Mimi ni mpishi. Vile vyombo vinavyotoka Shangani na Forodhani, hapa Unguja mjini, kila jioni kuwazungusha watu bandarini wakati jua linakuchwa, muziki juu, watu wanacheza, basi sambusa, katlesi na kachori zinazopita kwenye sinia mle ndani nyingi zimekaangwa jikoni kwangu, Malindi. Mwanangu wa pili ni baharia kwenye chombo kimojawapo. Kwa hiyo asije mtu akakunong'oneza kwamba mimi ni katika wale wanaotaka starehe zifungwe. Hasha. Starehe hizo ndizo zilizomsomesha binti yangu chuo, na bati lililo juu ya kichwa changu zimelilipia hizo hizo. Mtu hawezi kuombea ugonjwa riziki yake.

Nikukumbushe kwa heshima zote. Ulipokuja Forodhani, ukasimama kwenye ukingo na vipaza sauti vimepangwa mbele yako, bahari nyuma yako, ulituambia kwamba hakuna chombo cha starehe kitakachoondoka jioni abiria wake hawajaandikwa, majaketi ya kuokolea hayajavaliwa na taa hazijawashwa. Ukasema hayo yote yatakuwa tayari kabla upepo wa kusi haujaingia. Tulipiga makofi. Wavuvi walipiga makofi, na wao si watu wa makofi. Upepo wa kusi ukaingia, ukapiga miezi yake, ukaondoka, na sasa tuko kwenye kaskazi. Naam, hukusema kusi ya mwaka gani. Kwa hilo siwezi kusema umetudanganya.

Sasa ya Jumamosi iliyopita. Huenda umeletewa taarifa ya mistari mitatu, inayosema chombo kilipata hitilafu ndogo na abiria wote wako salama. Mimi nilikuwemo.

Ni jahazi la zamani, limetiwa mashine, juu limetandikwa mikeka na mito, spika mbili refu kunizidi mimi, na taa za rangi zimezungushwa mlingoti mzima mpaka juu. Taa za rangi zilikuwepo, Mheshimiwa. Zile za ubavuni, nyekundu na kijani, zinazomwambia mwenzako gizani wewe unaelekea wapi, ndizo ambazo hazikuwepo. Maji yalikuwa yametoka, chombo kimekaa mbali, kwa hiyo watu walipelekwa kwa faiba, ile boti ndogo, fungu kwa fungu, suruali zimekunjwa na viatu mkononi. Papasi huyu, mtafuta wageni wa mitaani, kaleta watu wake, hoteli imeleta wake, kikundi cha vijana wa mjini kina sherehe ya mwenzao aliyemaliza chuo, na mmoja kaja na shemeji zake ambao sidhani kama walilipa. Faiba inakwenda, inarudi, mmoja anashuka kufuata simu aliyoisahau, wengine wawili wanapanda. Nani anahesabu? Utingo wa daladala ya Bububu, gari limejaa na mlango hauna komeo, anajua kichwani ni nani hajalipa na atashukia wapi. Hapa pana bahari, na hakuna hata utingo.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri, nisiwe mnafiki. Tukaizunguka rasi ya Shangani, tukapanda mpaka karibu na kisiwa cha Chapwani, tukageuka. Mji Mkongwe ukiutazama kutoka majini saa hizo, kanisa la Minara Miwili juu ya mapaa, Ngome Kongwe pale, hata Beit el Ajaib iliyoporomoka ubavu siku ya Krismasi 2020 bado ina haiba yake. Hata mimi niliyezaliwa na bahari hii husimama nikatazama. Wageni wanakuja kwa ajili ya hilo, na wana haki.

Adhana ya Magharibi ilipokuwa inaisha huko nchi kavu, mashine ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Tulikuwa tumerudi mbele ya rasi. Mkondo ukatushika na kuanza kutusogeza nje, polepole, huku muziki unaendelea, kwa sababu spika zina betri yao. Wenye kucheza wakacheza. Mimi nilikuwa nyuma na masinia yangu, nikaona uso wa nahodha, nikajua. Upande wa kisiwa cha Chumbe ilikuwa inakuja boti ya Dar es Salaam, taa zake zinakua, na sisi hatuna cha kuwaambia kwamba tupo isipokuwa tochi ya simu. Nahodha alisimama juu ya kreti anaipunga ile simu mpaka mkono ukamtetemeka. Boti ikapita mbali kidogo. Wimbi lake ndilo lililotulaza ubavu, deli langu la juisi likaenda na sufuria mbili zikaenda.

Hapo ndipo watu walipoulizia majaketi. Yalikuwa kwenye kisanduku chini ya mito, na juu ya mito pamewekwa makreti ya soda. Yalipotoka yakawa dazeni na kitu. Nililopewa mimi kifungo chake kilikuwa kimekatika, mwanangu akanifunga kwa kanga. Kanga yangu mwenyewe, ya kwenye mabega, ndiyo usalama niliopewa na taratibu zote ulizotutangazia.

Walioturudisha ni wavuvi wa dagaa waliokuwa wanatoka Malindi na taa zao za karabai. Waliacha kazi yao ya usiku, wakatutupia kamba, wakatuvuta mpaka Forodhani. Hawakudai senti.

Tukashuka, watu wanakumbatiana, na ndipo msichana mmoja akaanza kupiga kelele kwamba rafiki yake hayumo. Nahodha akaulizwa ulibeba watu wangapi. Akasema 38. Papasi akasema hapana, 44. Kijana wa tiketi akasema yeye hajui, wengine walilipa kwa simu. Mheshimiwa, nataka uione picha hiyo: watu wazima watatu wamesimama mchangani wanabishana kama walichukua roho sita zaidi au hawakuchukua.

Vijana wa makachu, wale wanaojirusha baharini pale Forodhani, hao hao ambao kila siku mnasema wanachafua sura ya bustani, walivua mashati wakaingia majini kwenye giza. Ngalawa zikatoka na tochi. Ikaja na boti ya doria, na vijana wale sina la kuwalaumu, walikuja mbio. Swali lao la kwanza lilikuwa: mlikuwa wangapi?

Walitafuta mpaka usiku ukakolea. Binti alipatikana kwenye meza za Forodhani, anakula urojo, simu imezima chaji. Wakati wa kupanda alilowa gauni, akaudhika, akarudi na faiba ile ile iliyompeleka. Hakuwahi kukaa chomboni.

Watu walicheka kwa kushukuru, na Alhamdulillah. Mimi sikuweza. Nilikuwa nawaza kinyume chake. Huyu alikuwa na rafiki wa kumpigia kelele. Je, angekuwa mtu aliyekuja peke yake, mgeni aliyeokotwa na papasi dakika ya mwisho, lile wimbi likamtoa upande wa nyuma wakati spika zinapiga? Sote tungeshuka, tungekumbatiana, tungekwenda zetu kulala. Nahodha angesema 38, na 38 wangekuwepo.

Usidhani natia chumvi. Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba. Septemba 2011 shangazi yangu alipanda meli ya Spice Islander kwenda Pemba, pale pale Malindi, usiku, na tiketi aliyouziwa mlangoni. Chombo kile kiliruhusiwa abiria mia sita na kitu, na kilipozama mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 kilikuwa na watu zaidi ya 2,000. Siku za mwanzo tuliambiwa waliokufa ni mia mbili na kitu. Tume ya uchunguzi ilipomaliza kazi, waliokufa na waliopotea wakavuka 1,500. Ile tofauti ndiyo akina shangazi yangu. Jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote. Tulilazimika kuleta mashahidi kuthibitisha kwamba alipanda, kana kwamba sisi ndio tunaotuhumiwa kwa kitu. Hitima yake tuliisoma hatuna kaburi. Na kabla hatujakaa sawa, Julai 2012, meli ya Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe, mahali ambapo mwanangu huonyesha wageni taa ya ule mnara wa 1904 na kuwaambia ni mrembo.

Utaniambia zile ni meli, hivi ni vyombo vya kutembeza watu tu. Kweli. Kina cha maji mbele ya Shangani kinatosha kwa vyote viwili.

Kwa nini hali iko hivi, mimi si mtaalamu. Wengine wanasema mafuta yaliyotiwa siku ile yalikuwa na maji. Wengine wanasema chombo kile kina mwenyewe mkubwa ndiyo maana hakiguswi. Hayo ya barazani, mimi sina ushahidi. Ninachokiona kwa macho yangu ni kwamba chombo kinakaguliwa asubuhi, kitupu, kimetia nanga, kinapewa cheti, na ofisi inafungwa alasiri. Sherehe inaanza saa kumi na moja. Kwa hiyo kuanzia saa kumi na moja mpaka usiku, bandari ya mji huu iko mikononi mwa papasi na mpiga muziki.

Na mimi je? Mwenye chombo hajanilipa chakula cha siku ile, anasema wageni wamedai fedha zao. Sufuria ziko chini ya bahari. Mwanangu ameambiwa apumzike kwanza, kwa kuwa alipohojiwa alisema idadi ya majaketi ilivyo na si ilivyoandikwa. Hoteli mbili zimesimamisha oda. Zamu yangu ya kurejesha mkopo wa kikoba ni Ijumaa, na kikoba hakina habari na mashine iliyozima. Nimepika kwa ajili ya watu waliokoswa na boti, nikarudi nyumbani na deni. Sikwambii ili unihurumie. Nakwambia kwa sababu pale mapokezi kijana wako aliniuliza, "Kwani mama wewe umepoteza nini?"

Sasa nasikia kuna wazo la kuvifunga vyombo vya jioni vyote mpaka utaratibu upatikane. Tafadhali usifanye hivyo. Kufunga ni kazi ya saini moja, na watakaolala njaa ni mabaharia, wapishi, wapiga ngoma na waimbaji wa taarab wanaopandishwa humo. Vyenye wenyewe wakubwa vitatoka Kizingo usiku bila taa kabisa.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na mengi ya kudai. Majaketi yavaliwe kabla mashine haijawashwa, yasikaliwe. Taa za ubavuni. Redio ya kuongea na bandari, au simu yenye namba inayopokelewa. Muziki uzimwe dakika tano mwanzoni, watu waonyeshwe la kufanya. Mkaguzi aje jioni, si asubuhi. Yote hayo uliyaahidi wewe, mimi nayarudia tu.

Lakini najua jibu. Bajeti, mchakato, wadau. Linafanyiwa kazi. Haya, basi nayaacha yote, nabaki na moja.

Mtu mmoja na daftari. Asimame mchangani saa kumi na moja, aandike jina la kila anayepanda faiba, na akirudi amfute. Chombo kisiwashe mashine mpaka idadi ya nahodha na ya daftari ziwe moja. Na daftari libaki nchi kavu, lisipande chomboni, maana likizama na sisi litatusaidia nini? Hakuna zabuni hapo, hakuna semina. Msaidizi wa sheha anaweza. Kijana mmoja wa makachu anaweza, ukimlipa. Kama tatizo ni chai yake ya jioni, mimi nitamletea, na kachori juu.

Tuhesabuni, Mheshimiwa. Tukitoka na tukirudi. Hilo tu.

Jumamosi hii saa kumi na moja chombo kile kile kinatoka, mashine imeshatengenezwa, na mimi nimeshaombwa sambusa. Nitakuwepo ufukweni na masinia yangu. Naomba nijibiwe kabla ya siku hiyo, hapa hapa hadharani: ni nani atakuwepo na daftari?

Wasalaam,

Mpishi wa vyombo vya jioni,
Malindi, Unguja